Taa ya Mama Mkwe

Uongo haukuwa wangu. Ulikuwa wa shangazi yangu, Mungu amrehemu, na mimi niliurithi kama mtu anavyorithi nyumba inayovuja: hakuijenga yeye, lakini ndiye anayelala ndani mvua ikinyesha.

Shangazi ndiye aliyekwenda kuniposea. Miaka michache ilikuwa imepita tangu Mapinduzi, nami nilikuwa na kazi ya serikali, jambo ambalo peke yake lilitosha kumpatia kijana mke. Lakini shangazi hakuwa mtu wa kutosheka. Alipoulizwa kijana anafanya kazi gani, alijibu kuwa yuko kwenye umeme. Mpaka hapo ilikuwa kweli tupu. Halafu akaongeza neno moja, fundi, akaendelea kunywa kahawa yake kwa amani.

Mimi nilikuwa msoma mita. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka Mji Mkongwe na daftari na kalamu ya risasi, kupiga hodi, kuinama chini ya ngazi ambako mita nyingi za mji ule zilikuwa zimefungwa, kuandika tarakimu na kwenda zangu. Katika ufundi wa umeme nilijua mambo mawili: kwamba taa huwashwa kwa swichi, na kwamba ukigusa pasipogusika unakufa. Hili la pili ndilo nililolizingatia zaidi.

Shangazi aliporudi na habari njema nilimwambia kuwa amesema uongo. Akanijibu kuwa hakusema uongo, ametangulia tu, kwani mtu hupanda cheo. Nilipaswa kwenda mwenyewe kusema kweli. Sikwenda. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mchumba alikuwa mwalimu wa skuli, amesoma na amependeza, na mimi niliogopa kumkosa. Nadhani wanaume waliooa kwa woga ni wengi kuliko waliooa kwa ushujaa.

Palikuwa na tatizo dogo. Nyumba yao ya Mkunazini nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeisomea mita kwa miaka miwili. Hata hivyo nilijipa moyo. Asubuhi binti huwa yuko skuli, na baba yake alikwisha fariki zamani. Aliyebaki nyumbani ni mama yake, na huyo sikupata kumwona. Nilipopiga hodi, sauti ya kike ilisema karibu kutoka nyuma ya pazia, nikaingia mpaka chini ya ngazi, nikasoma, nikatoka bila kuona hata ukucha wa mtu. Basi nikapiga hesabu: kwa kuwa mimi sikumwona mtu, hakuna mtu aliyeniona mimi. Hesabu hii niliiona haina kasoro hata kidogo. Nikabadilishana njia na mwenzangu kazini, yeye akachukua Mkunazini, mimi nikachukua Malindi, na nikaoa.

Nilihamia kwao, kama wengi walivyofanya. Sisi tulikaa juu, mama mkwe chini. Watu wa leo hukaa na wakwe zao sebuleni wakatazama televisheni pamoja, na wengine hata hutaniana nao. Kwetu haikuwa hivyo. Dini haikukataza, mama mkwe ni mama. Ilikuwa ni kuoneana haya tu. Nilimwamkia kupitia pazia la mlango wake nikienda kazini, shikamoo mama, marahaba baba, na siku nyingi maneno yetu yaliishia hapo. Kuingia chumbani kwake hakukufikirika. Ningeliona wepesi zaidi kuingia Ikulu nimejifunga msuli wa kulalia.

Mke wangu alijivunia kuolewa na fundi. Nami, badala ya kuzima moto, niliongeza kuni. Nilinunua bisibisi ya kupimia umeme, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, nikawa naichomeka mfukoni mwa shati kama wenye elimu wanavyochomeka kalamu. Walimu wenzake wakaanza kumpa vyombo vibovu aniletee. Ya kwanza ilikuwa pasi. Niliichukua jioni, nikaitazama kwa makini mbele ya mke wangu, nikasema sauti ya kitaalamu, yaani "mh", na asubuhi nikaifunga ndani ya gazeti nikaipeleka Darajani kwa fundi wa kweli, mzee mmoja mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi. Aliitengeneza, nikairudisha, nikasifiwa. Skuli nzima ikasikia.

Ndipo ilipokuja taa.

Mama mkwe alikuwa akishona kofia. Si za mashine, ni zile za mkono, nyeupe kwa uzi mweupe, zinazotobolewa vijitundu vidogo mpaka mtu anajiuliza aliyeshona ana macho mangapi. Alikuwa nayo mawili tu kama sisi sote, na chumba chake kilikuwa na giza hata saa sita mchana, kwa sababu dirisha lilitazama ukuta wa jirani ambao ungeweza kuugusa kwa mkono. Kwa hivyo alitegemea taa ndogo ya mezani, yenye kifuniko cha kioo cha kijani, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ilikuwa pamoja naye kutwa. Kofia ndizo zilizowalisha tangu afiwe, na kofia hazishoneki gizani.

Taa ikaanza kuzimika. Mke wangu aliniletea juu ya sinia, imefunikwa kitambaa, kama chakula cha mgonjwa. Akasema mama anakuomba uiangalie, inamzimikia katikati ya kazi. Niliichomeka ukumbini kwetu, ikawaka. Niliigeuza, ikawaka. Niliitikisa, nikaipuliza, nikaiacha mpaka isha, ikawaka bila kupepesa. Nikakaza skrubu mbili zilizokuwa zimekaza tayari, nikamwambia mke wangu ilikuwa na vumbi. Ikarudishwa chini kwa sinia ileile. Kesho yake adhuhuri ikapandishwa tena.

Safari ya pili niliipeleka Darajani. Mzee akaifungua yote, akabadilisha waya na plagi, akanitafutia na balbu, na balbu siku hizo hazikupatikana ovyo. Iliporudi chini ilidumu asubuhi moja. Safari ya tatu mzee aliichomeka kibandani kwake, tukakaa tunaitazama inavyowaka huku yeye akitengeneza redio mbili za watu. Mwishowe akaniuliza kama nimewahi kuiona ikizimika. Nikasema sijaiona. Akauliza inazimikia wapi. Nikasema chumbani kwa mama mkwe. Akavua miwani, akacheka mpaka machozi, akaniambia taa hii nzima kuliko mimi na yeye, ugonjwa uko hukohuko inakozimikia, na ama niingie nikautazame au nimpeleke yeye.

Hapo nikabanwa. Kuingia siwezi. Kumpeleka fundi mwingine, wakati nyumba ina fundi wake anayekula na kulala humo, ni kujitangaza. Mke wangu angeuliza swali moja tu na yote yangemwagika. Niliona kama nikisema kweli nitampoteza, kwa sababu mtu aliyeolewa na fundi akaamka na msoma mita ana haki ya kuuliza ni kipi kingine alichodanganywa. Nilikosa usingizi kwa ajili ya taa ya watu.

Nikabuni njia ya tatu. Nilisimama nje ya pazia na bisibisi yangu, mke wangu akaingia ndani, nikawa namwuliza na yeye ananijibu. Taa inawaka? Inawaka. Plagi imeingia vizuri? Imeingia. Kuna harufu ya kuungua? Hakuna. Nikamwambia aizime na kuiwasha mara saba, sijui kwa nini saba. Ikatii kila mara. Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni kumpisha binti yake, nami nilimsikia akikohoa kidogo, kikohozi ambacho wakati ule nilidhani ni cha mafua.

Swali la maana nililijua. Inapozimika mama anakuwa anafanya nini, na amekaa wapi? La kwanza niliuliza, nikajibiwa anashona. La pili sikuliuliza. Chumba kile kilikuwa na kitanda na sanduku, na kumwuliza mke wangu kama mama yake amekaa juu ya kitanda, akakaa vipi na upande gani, ni jambo ambalo ulimi wangu ulilikataa kabisa. Kwa hivyo badala ya kuuliza swali moja la adabu nilipoteza wiki tatu. Katika wiki hizo jirani mmoja alishauri kwamba taa imeingiwa na shetani, ifukizwe. Na mimi, mtumishi wa umeme wa serikali, nikakubali. Taa ilifukizwa ubani wa kutosha harusi. Haikuacha kuzimika, ila ilinukia vizuri.

Siku ya mwisho nilimaliza mapema njia yangu ya Malindi, nikarudi nyumbani kiasi cha saa nne asubuhi. Mke wangu yuko skuli. Nilipopita penye pazia nikaamkia kama kawaida, na marahaba haikuja. Nikaamkia tena. Nikasikia mtu anavuta pua, nikajua mama mkwe analia.

Niliuliza kuna nini. Alinieleza akiwa hukohuko ndani, na sauti yake haikuwa imara. Alikuwa akimalizia kofia ya bwana harusi, kazi ya miezi mitatu, imebaki ukingo tu. Taa ikazimika sindano ikiwa njiani. Imemchoma kidole, na kabla hajajua, damu imeingia kwenye kofia mbele kabisa, pale juu ya paji la uso. Kofia nyeupe. Amejaribu maji na chumvi, doa limekuwa jekundu hafifu na limetanuka.

Nilisimama pale na daftari langu la mita nikaona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Miezi mitatu ya macho ya mwanamke yule ilikuwa imeharibika kwa sababu mimi nilitaka kuitwa fundi.

"Ingia," akasema.

Nikamwambia hapa panatosha, mama.

"Ingia, baba. Msoma mita hufika kila pahala."

Miguu ilitaka kwenda barabarani na kichwa kiliikubalia. Mwisho nikapiga hodi, ingawa nilikwisha karibishwa, nikaingia nikiwa nimeinamisha macho kiasi kwamba hadi leo siwezi kukueleza dari ya chumba kile ilikuwaje. Niliona sakafu, miguu minne ya kitanda kikubwa cha zamani, na waya wa taa ukipita nyuma ya kitanda.

Nikamwomba afanye kama anavyofanya akishona. Akakaa kitandani, akashona kidogo, kisha akaegemea kupumzisha mgongo. Kitanda, kilicholegea miguu, kikayumba nyuma inchi moja, ubao wa kichwani ukaegemea plagi, taa ikazimika. Nikamwomba asimame. Kitanda kikarudi, taa ikawaka. Akakaa akaegemea, ikazimika. Akasimama, ikawaka. Ile soketi ilikuwa imelegea ukutani, skrubu zake zimeshika chokaa iliyogeuka unga, na kila alipoegemea ilisukumwa upande. Ndiyo maana alipoinuka kwenda kuitazama aliikuta inawaka. Ndiyo maana mke wangu aliisimamia ikawaka. Mtu pekee ambaye angeligundua lile ni mtu wa kumwona mama mkwe amekaa kitandani, na huyo alikuwa nyuma ya pazia wiki tatu akijifanya daktari.

Nilichutama karibu na soketi na bisibisi yangu, nikaona nyaya zinachungulia, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nikasema kweli.

"Mama, hii mimi siiwezi. Nikuitie fundi."

Akashusha pumzi, akakaa juu ya sanduku. Akaniambia pazia lile, mtu akiwa ndani, anaona nje. Miaka miwili alikuwa akiniona ninavyoinama chini ya ngazi, na anajua hata upande gani nimeanza kupata kipara. Shangazi yangu alipokuja kutamka fundi, ilimbidi aende jikoni kuchekea huko. Nikamwuliza, nikiwa bado natazama sakafu, kwa nini basi alikubali.

"Wasoma mita walokutangulia hodi yao huisikia nao washafika kwenye ngazi. Wewe ukipiga tatu, ukangoja. Siku moja nlikuwa naoga, sikuweza kukujibu. Ukenda zako, ukarudi kesho yake. Nikasema huyu nikimpa mwanangu hatomlazimisha katika jambo lolote."

Nikamwuliza mbona hakuniambia kuwa anajua, mwezi mzima taa inapanda na kushuka.

"Ntakwambiaje, mkwe wangu? Nikuvunjie heshima ndani ya nyumba yangu? Nikasema mwenyewe atasema, au ataleta fundi. Wewe ukaleta ubani."

Hapo nilicheka, na yeye akacheka, machozi ya kofia hayajamkauka. Tulisogeza kitanda pamoja, yeye kichwani, mimi miguuni, kikakaa shubiri moja mbali na ukuta. Kisha akaacha kucheka. Akasema binti yake hajui, hajamwambia wala hatamwambia, hilo ni langu.

Nilikwenda Darajani karibu nikikimbia. Mzee wa miwani alikuja na kikapu chake, mama mkwe akaenda uani, na kazi yote ilichukua muda wa mtu kunywa vikombe viwili vya chai. Alichimba ukuta, akapigilia kipande cha mti, akaihamisha soketi mbali na kitanda. Nilishika waya alipotaka nishike. Alipomaliza aliniuliza kama mke wangu bado hajajua. Nikasema atajua adhuhuri. Akaniambia basi yeye hakai, maana hapendi kuwapo mahali vyombo vikirushwa.

Mke wangu alirudi na chaki vidoleni. Nilimwambia kabla hajavua buibui, kwa kuwa nilijijua, nikimwacha avue ningetafuta sababu. Nikasema mimi si fundi wala sijawahi kuwa fundi, mimi ni msoma mita. Alidhani namtania. Aliponitazama vizuri akaona sivyo.

Akaniuliza na ile pasi ya skuli. Nikasema Darajani. Na feni ya mwalimu mkuu? Darajani. Akauliza vyombo vyote kimoja kimoja, na kila kimoja nikajibu Darajani, mpaka neno lenyewe likawa linaniuma. Halafu akauliza kama mama anajua, na tangu lini. Nikasema tangu kabla ya posa.

Pasi aliisamehe, niliona usoni. Hili la mama hakulisamehe.

"Mimi nnakusifu kwa kila mtu," akasema, "na mama yuko chini hapo ananisikiliza, anajua."

Ningeweza kusema ni shangazi, lakini shangazi alisema neno moja siku moja, na mimi nililibeba mfukoni kila asubuhi, likiwa na mpini na kitaa. Niliitoa ile bisibisi nikaiweka mezani. Aliitazama, akaizungusha kidogo kwa kidole, akanionyesha mlango.

Nilidhani ndoa ndiyo imekwisha. Nilivaa viatu nikashuka nusu ya ngazi, nikawaza nitamweleza nini shangazi, na mahari, na watu. Akaniita kutoka juu. Akasema anataka kuposwa upya, bila shangazi. Niende mpaka nje barabarani, nifunge mlango, nipige hodi, na nikiulizwa niseme mimi ni nani.

Nilikwenda. Nilipita penye pazia, taa ikiwaka nyuma yake. Nilitoka, nikafunga mlango, nikasimama kichochoroni saa saba ya mchana, jua la utosi, watu wanatoka kazini na kunitazama. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Kimya. Muuza samaki akaniuliza kama nimefungiwa nje kwangu, nikamwambia ndiyo, akanipa pole akaenda zake. Nikapiga ya tatu.

"Nani?" ikauliza sauti kutoka juu.

"Msoma mita," nikasema.

Kutoka chini, nyuma ya pazia, nilisikia kile kikohozi cha mafua. Juu hakuna aliyejibu, na mimi sikuugusa mlango. Nilisimama palepale nikangoja kuambiwa karibu.